Kutoka Gobori hadi Bunduki ya Kujijaza: Historia Fupi ya Majina ya Silaha za Kuwindia Ndege, Handeni na Korogwe

Miongoni mwa kazi zinazomfikia afisa istilahi zimo zilizo ndogo kwa sura na nzito kwa matokeo. Mojawapo ilikuwa tafsiri ya fomu ya maelezo juu ya silaha za raia, ambamo neno moja la Kiingereza lilitajwa mara tatu. Sisi, bila ya kulipima sana, tuliliandika "bunduki ya nusu-otomatiki", tukaendelea na mstari uliofuata. Rasimu hiyo tuliichukua Handeni, na baadaye Korogwe, ili isomwe mbele ya watu wanaomiliki silaha kihalali, maana istilahi isiyojaribiwa kwa mtumiaji ni sawa na nguo iliyoshonwa bila ya kumpima mvaaji.

Katika kijiji kimoja cha Handeni alikuwapo mzee mkulima wa mahindi, mwenye bunduki ya midomo miwili anayoitumia kulinda shamba na, akipata kibali, kuwinda ndege. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Basi wanangu, nimeelewa. Ile ya askari inayomwaga risasi ndiyo otomatiki nzima. Hii yangu inayotoa mbili kabla sijaijaza tena ndiyo nusu." Akaomba kalamu atie alama katika kisanduku.

Lau angalitia alama ile, mzee huyo angaliandikisha silaha ya kawaida kabisa kana kwamba ni ya aina ambayo kanuni zetu za uwindaji haziikubali. Wala kosa halikuwa lake. Alilipokea neno kama lilivyosema, akaligawa kwa akili sahihi. Kosa lilikuwa letu tuliompa neno lenye hesabu ya nusu pasipo kumwambia ni nusu ya kitu gani.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili kina desturi yake ya zamani ya kuzipa bunduki majina, kwamba desturi hiyo inafuata namna silaha inavyojazwa na kuwashwa, na kwamba mtafsiri akiifuata atapata jina lililo wazi hata kwa silaha iliyobuniwa juzi. Jambo hili si la wawindaji peke yao. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, kila neno la namna hii laweza kusomwa mbele ya hakimu.

I. Uwindaji kabla ya baruti

Nchi ya Handeni na Korogwe ni nchi ya uwindaji tangu kale. Masimulizi ya ufalme wa Washambaa yanaanza na mwindaji, naye ni Mbegha, aliyetoka Ngulu, yaani milima ya Nguu, akapita Kilindi kwa Wazigua na hatimaye akapokelewa Usambara kwa sababu aliwaua nguruwe walioharibu mashamba na akawagawia watu nyama. Habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika kitabu cha Habari za Wakilindi, kilichopigwa chapa na wamisionari wa Magila katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Vyombo vya Mbegha vilikuwa mkuki, mtego na mbwa. Bunduki haikuwamo.

Kwa ndege, vyombo vilikuwa vingine: tanzi, ulimbo, upinde, kombeo, na katika siku za karibu zaidi manati ya mpira. Msomaji atazame jinsi vyombo hivi vinavyojieleza. Tanzi hutanza, mtego hutega, ulimbo hunasa kwa utomvu wake. Hapana chombo hata kimoja kati ya hivi kilichoitwa kwa kiasi alichosaidiwa mtu kukitumia, kwamba hiki ni robo na kile ni nusu.

II. Bunduki zinaingia bondeni

Neno bunduki tulilipata kutoka Kiarabu, na asili yake huko ni jina la kokwa, tunda dogo gumu la mviringo. Kutoka kokwa neno lilihamia kwenye kipande kidogo cha mviringo kinachorushwa, na kutoka hapo likahamia kwenye chombo kinachokirusha. Yaani silaha iliitwa kwa jina la punje yake. Baruti nayo ilitujia kwa njia ya biashara hiyo hiyo, na asili yake inahusishwa na Kituruki.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Wazigua, waliokuwa karibu na bandari za Saadani na Pangani, walipata bunduki mapema na kwa wingi kuliko watawala wa milimani. Biashara iliyozileta ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watumwa, na hatuna haki ya kuisahau sehemu hiyo ya pili tunapoyasifu maneno iliyotuachia. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi waliuzwa ng'ambo, na wajukuu wao wangali wanakumbuka lugha ya Kizigua katika bonde la mto Juba, Somalia.

Kimweri ye Nyumbai alipofariki Vugha mwaka 1862, mizani ya nguvu iligeuka. Semboja, aliyekaa Mazinde, katika sehemu ambayo leo ni wilaya ya Korogwe, alikuwa kando ya njia ya misafara, na aliyekuwa njiani ndiye aliyepata bunduki na baruti. Enzi iliyokuwa imekaa juu mlimani ilishuka bondeni kuifuata silaha. Na Wajerumani walipokuja kuitwaa pwani, Bwana Heri wa Saadani aliwapinga kwa bunduki hizo hizo katika miaka ya 1889 na 1890.

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya na mengine yalitia saini Mkataba wa Brussels. Mkataba huo, pamoja na kupinga biashara ya watumwa, ulizuia kuingizwa kwa silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha nafasi, chini ya masharti, kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu na kwa baruti ya kawaida ya biashara. Hapa tunapata sababu moja kubwa kwa nini gobori, ambalo wengi hulitamka gobole au gobore, lilidumu mikononi mwa wakulima wetu miaka mingi baada ya kuachwa kwingineko. Si kwamba mkulima hakujua bunduki mpya. Ni kwamba mlango wa bunduki mpya ulifungwa kwa maandishi.

III. Desturi ya majina

Tukizikusanya bunduki za zamani kama zilivyo katika kamusi na katika vinywa vya wazee, tunaona mpango ambao haukuundwa na kamati yoyote.

Ya kwanza ni bunduki ya mrao. Mrao ni utambi unaowaka polepole, na mpigaji aliushusha juu ya baruti. Ya pili ni bunduki ya gumegume, iliyoitwa kwa jiwe litoalo cheche. Ya tatu ni bunduki ya fataki, yaani kile kifuniko kidogo chenye dawa ya kulipuka kinachogongwa na nyundo. Zote tatu zilijazwa kwa mdomoni. Mtu alimimina baruti, akaweka gombo au kitambaa, akatia risasi au marisaa, kisha akashindilia kwa mdeki. Ya nne ni bunduki ya viasi, iliyojazwa kwa nyuma, ambayo baruti, fataki na risasi vilikuwa vimekwisha kupimwa na kufungwa pamoja. Kile kipimo kilichofungwa tayari ndicho kilichoitwa kiasi.

Mrao, gumegume, fataki, kiasi: kila jina linamwambia msikilizaji jinsi silaha inavyopata moto wake au chakula chake. Mtu akisikia jina amekwisha kupata nusu ya mafunzo ya matumizi.

Yapo, kwa hakika, majina ya njia nyingine. Bombomu, jina la zamani la bunduki ya mfululizo, lilifuata mlio. Rashasha, kutoka Kiarabu, linafuata picha ya kunyunyiza. Na katika mashamba ya mkonge ya Korogwe mashine ya kuchakata majani iliitwa korona, kwa jina la mtambo wa Kijerumani uliokuwa ukiuzwa wakati huo. Jina la namna hii ya mwisho hufaa maadamu mtambo ni ule ule. Ukija mwingine, jina halina la kueleza. Ndiyo sababu tunaona kwamba njia ya mrao na gumegume ina nguvu kuliko njia ya korona.

IV. Bunduki inayojijaza

Silaha tunayoitafutia jina ina historia inayojulikana vizuri. Mmarekani John Moses Browning alipata hataza ya bunduki ya marisaa ya namna hii mwaka 1900, na kiwanda cha FN cha Herstal, karibu na Liège, Ubelgiji, kikaanza kuitengeneza katika miaka iliyofuata. Ilijulikana kwa jina la Auto-5, kwa sababu ilichukua risasi tano: nne ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, na moja chumbani.

Ufanyaji kazi wake wafaa uelezwe, maana ndani yake mna istilahi. Risasi inapolipuka, nguvu ya mlipuko husukuma mbele na nyuma. Katika Auto-5 mtutu na kitasa chake hurudi nyuma pamoja kwa nguvu hiyo, hulitupa nje ganda tupu, na zinaporejea mbele kwa msukumo wa springi, risasi nyingine huingizwa chumbani. Mwaka 1963 kampuni ya Remington ilitoa modeli ya 1100, ambayo mtutu wake haurudi. Badala yake sehemu ndogo ya gesi hupitia katika tundu la mtutu na kusukuma pistoni. Kampuni ya Benelli ya Italia, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilipata sifa kwa njia ya tatu, inayotumia uzito wa kitasa na springi yake pale bunduki nzima inaporudi nyuma.

Njia ni tatu, lakini tendo ni moja: silaha inajijaza yenyewe. Haijipigi yenyewe. Kwa kila risasi mpigaji hana budi kubonyeza kifyatulio upya. Ikiwa kidole kimoja kikibonyeza mara moja risasi hutoka mfululizo, hiyo ni silaha nyingine, nayo ni rashasha.

Basi ile "nusu" iliyomo katika neno la kigeni ina maana kwamba kati ya kazi mbili, kujaza na kupiga, moja imefanywa na mashine na moja imebaki kwa mtu. Haimaanishi nusu ya kasi, wala nusu ya risasi, wala nusu ya hatari. Kiswahili hakina haja ya kulifanya hesabu jambo linaloweza kusemwa kwa kitenzi. Tunapendekeza bunduki ya kujijaza.

V. Kuchagua bunduki ya kuwindia njiwa

Mwalimu mmoja wa Korogwe alituuliza ikiwa maneno haya yana faida yoyote kwa mtu anayetaka tu kununua bunduki ya kuwindia njiwa. Tunaona faida ipo, kwa kuwa kuchagua ni kulinganisha, na asiye na maneno hulinganisha bei peke yake.

Njiwa ni ndege mdogo arukaye kwa kasi na kugeuka ghafula. Risasi moja pekee haimfai. Hufaa marisaa, yaani punje nyingi zinazotawanyika, na hivyo mtutu usio na mifuo. Ukubwa wa mtutu huo hutajwa kwa namba iendayo kinyume cha matarajio. Bunduki namba 12 ni ile ambayo risasi 12 za mviringo zenye upana wa mtutu wake zingefanya uzito wa ratili moja ya Kiingereza, na upana huo ni kama milimita 18.5. Namba 20 kwa hiyo ni nyembamba, si nene. Marisaa nayo hufuata desturi hiyo hiyo: namba ikipanda, punje hupungua ukubwa. Mtafsiri aliyeandika "namba kubwa zaidi" mahali palipotakiwa "mtutu mpana zaidi" amekwisha kumpeleka mnunuzi upande usiofaa.

Bunduki ya midomo miwili hupiga mara mbili, kisha hufunguliwa na kujazwa kwa mkono. Ikiwa wazi, kila aliye karibu huona kwamba haiwezi kulipuka. Haichagui risasi dhaifu wala kali, na sehemu zake zinazocheza ni chache. Bunduki ya kujijaza hupunguza mshtuko begani, hasa ile ya gesi, na hutoa nafasi ya kupiga mara ya tatu. Lakini inataka kusafishwa mara kwa mara, vumbi la kiangazi cha Handeni si rafiki yake, na risasi iliyo dhaifu mno huweza kushindwa kuusukuma mtambo. Isitoshe, ganda likikwisha kutupwa, risasi nyingine iko chumbani tayari, hivyo mwenye silaha asidhani kwamba kimya chake ni usalama.

Juu ya hayo yote ipo sheria. Silaha za raia nchini Tanzania zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Na uwindaji unasimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1974. Kanuni za uwindaji nchini kwetu haziruhusu kuwinda kwa silaha za otomatiki wala za kujijaza. Kwa hiyo anayechagua bunduki ya njiwa katika Handeni au Korogwe, baada ya kusoma sifa zote, hurudi kwenye ile ya midomo miwili. Tafsiri iliyotiwa ukungu ingemfanya ama ainunue asiyoruhusiwa kuitumia porini, ama aiogope iliyo yake halali.

Nchi nyingine zimepambana na jambo hili kwa kuhesabu. Nchini Marekani njiwa msafiri, aliyekuwa akiruka kwa makundi ya kutia giza, alikwisha kabisa. Wa mwisho, aliyeitwa Martha, alikufa Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Nyavu na biashara ya nyama zilikuwa zimemmaliza hata kabla bunduki ya kujijaza haijaenea, lakini somo lilibaki, na tangu mwaka 1935 sheria ya huko imeweka kikomo cha risasi tatu kwa bunduki ya marisaa ya kuwindia ndege wahamao. Mkataba wa Bern wa mwaka 1979, kwa nchi za Ulaya, unazitaja miongoni mwa vyombo visivyofaa silaha za kujijaza zenye magazini ya kuchukua zaidi ya risasi mbili. Msomaji ataona kwamba katika mifano yote miwili sheria inashika mambo mawili tu: jinsi silaha inavyojazwa, na idadi ya risasi. Ni mambo yale yale wazee wetu waliyoyatilia jina.

VI. Njiwa si mmoja

Upande wa ndege pia mtafsiri anahitaji uangalifu. Kiingereza kinawagawa ndege hawa kwa majina mawili ya jumla, nacho Kiswahili kina mengi. Njiwa ni jina pana. Njiwa manga ni wa kufugwa. Ninga ni yule wa kijani anayekula matunda ya miti. Hua anasikika kila asubuhi mashambani, na tetere na pugi ni wadogo zaidi. Orodha ya kibali ikiandika "njiwa" peke yake, mwindaji atauliza kama ninga yumo, na askari wa wanyamapori atajibu kwa hiari yake. Tunashauri kwamba katika orodha za kisheria jina la Kiswahili lifuatane daima na jina la kisayansi, wala neno moja la jumla lisibebeshwe aina zote.

VII. Istilahi tunazopendekeza

Bunduki ya marisaa: yenye mtutu laini ndani, inayorusha punje nyingi kwa pamoja. Shotigani, linalosikika vituoni na mitaani, liachwe katika mazungumzo.

Bunduki ya kujijaza: inayojiingizia risasi ifuatayo yenyewe, lakini ikahitaji kifyatulio kibonyezwe kwa kila mlio.

Rashasha: inayotoa risasi mfululizo maadamu kifyatulio kimebonyezwa.

Bunduki ya midomo miwili: yenye mitutu miwili, ama ubavu kwa ubavu, ama mmoja juu ya mwingine.

Namba ya mtutu: kipimo cha upana wa mtutu wa bunduki ya marisaa.

Mbano wa mdomo: kule kubanwa kwa mtutu karibu na mdomo ili marisaa yasitawanyike mapema.

Risasi ya marisaa: kifungu kizima chenye ganda, fataki, baruti na punje. Ganda ni kile kinachobaki.

Juu ya istilahi hii ya mwisho tuna maelezo mawili. Kwanza, tulitamani kulifufua neno kiasi, lakini katika sentensi ya sheria "kiasi cha risasi" kingesomwa kama idadi, na neno lenye kutatanisha haliokolewi na uzuri wake. Pili, risasi kwa asili ni jina la madini yenyewe. Siku hizi nchi kadhaa zimezuia punje za madini hayo, hasa penye ardhi oevu, kwa kuwa ndege huzimeza wakadhurika na sumu yake, na punje za chuma hutumiwa badala yake. Kuandika "risasi za chuma" ni kuandika madini mawili mahali pa moja. "Marisaa ya chuma" hayana kasoro hiyo.

Rasimu ya pili ya fomu tuliirudisha Handeni kwa mzee yule yule. Tulimwamkia, tukakaa, tukamsomea: bunduki ya kujijaza, bunduki isiyojijaza. Hakuuliza maana. Alisema, "Yangu haijijazi. Naijaza mwenyewe, kwa mkono huu," akatia alama mahali panapostahili, akaturudishia kalamu.